Mazoezi ya kuandika maelezo yenye picha: nianzie wapi?

Kalamu_Mbichi

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa mazoezi hasa, si fasili. Tamathali za usemi nazifahamu: tashbihi (kulinganisha kwa "kama"), sitiari (kulinganisha bila "kama"), tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu) na chuku (kutia chumvi), na nikipewa shairi naweza kuzitaja moja moja. Shida inakuja pale ninapotakiwa kuandika mwenyewe. Aya inajaa maneno lakini wasomaji wanasema haina picha. Mfano ni huu:

"Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha sana. Kituo cha basi kilikuwa na watu wengi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeonekana mwenye huzuni. Nguo zake zilikuwa zimechakaa. Upepo mkali ulivuma na kila mtu alihisi baridi kali kama barafu. Lilikuwa jambo la kusikitisha mno."

Je, niongeze tamathali? Niongeze vivumishi? Na ni mazoezi gani ya kila siku yanayojenga jicho la kuona vitu vidogo vidogo?

---

Fundi_Sentensi

Usiongeze chochote kwanza. Aya hii ina sentensi sita, na karibu kila moja imebeba hukumu: kubwa, sana, wengi, mwenye huzuni, zimechakaa, mkali, kali, la kusikitisha mno. Umetazama, ukaamua, kisha ukampa msomaji uamuzi peke yake. Ushahidi umebaki kwako. Ndiyo maana zoezi la kwanza halihusu tamathali hata kidogo. Pigia mstari kila neno la hukumu, na pembeni yake jibu swali moja tu: nimejuaje?

Nimejuaje kwamba mvua ni kubwa? Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara hajaondoka, lakini haonekani tena. Matone yakigonga lami yanaruka hadi kwenye vifundo vya miguu. Chini ya bati watu wanasogezeana masikio ili wasikilizane. Nimejuaje kwamba nguo zimechakaa? Kola imegeuzwa, upande wa ndani ukawa wa nje, na mstari wa mshono wa zamani bado unaonekana. Kifungo cha tatu si cha shati hilo. Kitambaa cha kiwiko kimekonda hadi ngozi inaonekana kwa ndani. Nimejuaje kwamba mzee ana huzuni? Hapa ndipo pagumu, kwa sababu huzuni haina umbo. Kinachoonekana ni mwili, mikono na vitu vilivyo mikononi. Mabasi mawili yamepita na hajainua macho kusoma kibao. Anaikunja tiketi mara nne, anaikunjua, anaikunja palepale ilipokunjwa awali.

Andika majibu matatu kwa kila hukumu, kisha uchague moja. Jibu la kwanza kwa kawaida ni lile ambalo kila mtu angeliandika. La tatu ndilo linalokulazimisha kutazama tena. Ila usiyatumie yote matatu. Wengi wakishaonja zoezi hili hutoka kwenye ukame wakaingia kwenye gharika: wanamimina kila walichoorodhesha, na mzee anageuka orodha ya mavazi. Mhusika anayepita tu anatosheka na maelezo mawili. Anayebeba hadithi apewe matatu au manne, tena yatawanywe, mengine yaje anapotenda jambo.

Sasa vitenzi. Aya yako imetumia "kuwa" mara nne: kilikuwa, kulikuwa, zilikuwa, lilikuwa. Hili ni pigo kubwa kuliko ukosefu wa tamathali, kwa sababu Kiswahili kimeweka nguvu zake nyingi ndani ya kitenzi. Angalia mzizi mmoja tu:

*Walijibana chini ya paa.* Kila mmoja amejifanya mwembamba kwa hiari.
*Walibanana chini ya paa.* Bega kwa bega, kila mmoja akimsumbua mwenzake.
*Walibanwa ukutani.* Kuna nguvu nyingine, upepo au umati, inayowasukuma.

Herufi chache tu zimebadilika na picha imekuwa nyingine kabisa. "Kilikuwa na watu wengi" haiwezi kufanya kazi hiyo hata ukiipamba kwa vivumishi kumi. Vivyo hivyo "alitembea polepole" inahitaji kielezi kwa kuwa kitenzi ni kitupu. Alijikokota, alinyata, alichechemea na alitambaa yote ni ya polepole, lakini la kwanza lina uzito wa mwili, la pili lina siri, la tatu lina mguu mmoja wenye matatizo, la nne halina miguu iliyosimama. Tengeneza daftari la vitenzi vya namna hii kwa matendo matano tu: kutembea, kutazama, kusema, kushika na kuanguka. Kila neno liwe na sentensi yake, maana orodha tupu hukufanya uchague neno kwa mlio wake badala ya maana yake.

Na kuna kosa la njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi, ambalo halisemwi vya kutosha. Kiambishi *-ka-* kinasukuma matukio mbele. Ukikitumia ndani ya maelezo, msomaji anadhani mambo yanafuatana:

"Mzee akaegemea nguzo, maji yakamdondokea begani, akashika tiketi."

Hayo ni matukio matatu. Linganisha:

"Mzee ameegemea nguzo, maji yakimdondokea begani, tiketi mkononi."

Hii ni picha moja. *-me-* inaonyesha hali iliyokwisha kutulia, *-ki-* inaonyesha jambo linaloendelea sambamba. Maelezo mengi mazuri hukaa katika viambishi hivi viwili, na *-ka-* inarudi pale hadithi inapoondoka tena.

Zoezi la kila siku ninalolipendekeza kuliko mengine ni la mlango. Mlango wowote, wa dakika 20:

1. Dakika 5, majina tu: bawaba, komeo, kitasa, tundu la ufunguo, miimo, kizingiti, misumari. Usipolijua jina la sehemu fulani, litafute. Ukilikosa, ieleze kwa kazi yake. Mtu asiye na jina la kitu huishia kuandika "kile kitu cha kufungia".
2. Dakika 5, alama za matumizi na sababu zake. Rangi imefutika kuzunguka kitasa kwa sababu ya mikono. Ukingo wa chini umevimba kwa sababu ubao ukinywa maji hutanuka kwa upana wake. Sakafuni kuna mkwaruzo wa robo duara ambapo ukingo huo huburuzika. "Kwa sababu" ndiyo inayokupeleka kwenye jambo linalofuata: ukijua kwa nini mlango unakwama, utajua pia mahali ambapo mtu huupiga teke.
3. Dakika 5, macho yamefumbwa. Sauti, mguso, harufu. Ufungue na uufunge polepole, kisha kwa haraka.
4. Dakika 5, andika maneno 60 hadi 80. Marufuku: zuri, baya, kubwa, dogo, kuukuu, sana, mno.

Siku ya pili mlango uleule, anayeutazama ni mtu anayemsubiri mgeni. Siku ya tatu anayeutazama ni mtu anayejificha. Hisia isitajwe. Utaona kwamba anayesubiri hutazama kitasa na anayejificha hutazama mwanga ulio chini ya ukingo, na hapo ndipo utaelewa kwamba kuchagua maelezo ni kumchora anayetazama.

Kwa nini mlango na si machweo au bahari? Machweo yana misemo iliyotangulia kukaa mdomoni, "jua likaaga", "anga ikavaa nguo nyekundu", nawe utaandika misemo hiyo badala ya anga. Mlango hauna misemo. Utalazimika kuutazama.

---

Jicho_la_Pembeni

Naunga mkono, ila tusizitupe tamathali nje kabisa, maana ndizo alizouliza. Acha niingie hapo.

"Baridi kali kama barafu" imeshindwa kwa sababu inalinganisha ubaridi na ubaridi. Vitu viwili vya ukoo mmoja huambiana kiwango tu: hiki ni zaidi au kidogo kuliko kile. Tashbihi inapata nguvu pale vitu vinapotoka koo za mbali na kukutana katika nukta moja iliyo wazi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kifananishi, yaani kitu cha kulinganishia, andika nukta yenyewe kwa maneno makavu. Watu huiruka hatua hii, na ndiyo yenye kazi.

Tuchukue bawaba ya mlango wa Fundi. Usiseme "ilitoa sauti mbaya". Sauti hiyo ikoje? Ni nyembamba, inapanda, kisha inakatika ghafla. Sasa una sifa tatu za kutafutia. Orodhesha vitu vyenye sifa hizo, angalau sita: mlio wa panya, paka aliyekanyagwa mkia, mtoto anayetaka kuanza kulia, kamba ya gitaa inayokazwa, kalamu kavu juu ya kioo, swali lililoachwa njiani.

Vitatu vya mwanzo viko kwenye akiba ya kila mtu. Viache, si kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu msomaji ataviruka bila kuviona. Kati ya vilivyobaki, chagua kwa kuangalia hali ya tukio. Kamba ya gitaa inapanda kweli, na inakuja na hofu ya kukatika, hivyo inamfaa mtu anayejificha. Kalamu kwenye kioo ina ukavu lakini haipandi, kwa hiyo haijatimiza nukta. Swali lililoachwa njiani linapanda na kukatika, tena linaifaa nyumba ambayo hakuna anayejibu, lakini ni wazo, halina mwili. Litumie kama vitu vingine vya pale tayari vinashikika.

Ukishachagua, jaribu kuondoa "kama":

"Bawaba ililia kama kamba ya gitaa inayokazwa."
"Bawaba ilikazika, ikapanda, ikakatika."

Ya pili haitaji gitaa kabisa, lakini vitenzi vyake vimekopwa huko na mkazo umebaki. Sitiari iliyofichwa ndani ya kitenzi ni nyepesi na haisimamishi mwendo. Tashbihi yenye "kama", "mithili ya" au "mfano wa" humwomba msomaji asimame, atazame pembeni, arudi. Mwombe hivyo pale tu unapotaka asimame.

Kisha pima kwa maswali mawili. La kwanza: nikiifuta, msomaji anapoteza nini? Kama hapotezi chochote isipokuwa mapambo, futa. La pili: kifananishi hiki kinakuja na nini kingine ambacho sikukialika? Ukiandika "mikono yake laini kama samaki" utakuwa umeleta ulaini, na pia utelezi, magamba na shombo.

Jihadhari na picha mbili zinazopigana ndani ya sentensi moja. "Wimbi la hasira likawaka kifuani" lina maji na moto kwa wakati mmoja. Kila moja peke yake ni msemo uliozoeleka hadi hatuoni tena picha yake, na ndiyo maana mwandishi haoni zikigongana. Dawa ni kuchora kwa penseli, hata kwa mistari michache, kile sentensi inachosema. Kisichochorika kina kasoro.

Tashbihi zilizozoeleka, "mbio kama mshale", "kimya kama maji ya mtungi", si za kutupwa. Mweke mhusika azitamke. Mtu anayezungumza kwa misemo ya aina hiyo anajieleza mwenyewe kwa namna anavyosema. Msimulizi ndiye anayepaswa kuzihofia.

---

Mpenda_Kimya

Nyongeza fupi kuhusu milango ya fahamu. Ukifundishwa kwamba ipo mitano utaanza kuiita kama rejista: aliona, alisikia, alinusa, alionja, aligusa. Aya ya namna hiyo inatambulika mara moja. Tumia kuona, pamoja na mlango mmoja mwingine ambao tukio lenyewe linaudai. Kwenye kituo chako cha basi mvua imeziba macho, basi mlango wa pili ni masikio au ngozi. Na futa "alisikia" na "aliona" kila inapowezekana. "Alisikia bati likigongwa" inamweka mtu katikati ya msomaji na bati. "Bati liligongwa" inatosha.

Tanakali za sauti mimi ningezikataza kabisa kwa mwanafunzi. Pu, chubwi, tifu, kwakwakwa. Zinafanya kila hadithi isikike kama ya watoto.

---

Jicho_la_Pembeni

Mpenda_Kimya, hapo kwenye tanakali sikubaliani nawe kabisa. Ni miongoni mwa zana sahihi zaidi tulizo nazo. "Alianguka" haisemi alianguka wapi. "Alianguka chubwi" imeshasema maji, na "alianguka tifu" imeshasema mchanga au vumbi, bila kuongeza hata nomino moja. "Giza totoro" si giza tu. Ni giza ambalo hata mkono wako huuoni. "Alilala fofofo" ni usingizi usiojua kinachoendelea. Hakuna kivumishi kinachofanya kazi hiyo kwa silabi chache kiasi hicho.

Kinachoharibu ni wingi na mahali. Tanakali ni kilele cha sauti, kwa hiyo moja inatosha kwa aya, nayo ikae mwishoni mwa sentensi, ambapo sauti inatua. Ukiziweka tatu kwenye aya, ndipo hadithi inaposikika kama ulivyosema. Tena ziheshimu jozi zake. Kujaa ni pomoni, kuloa ni chepechepe au chapachapa, kimya ni jii, weusi ni ti, weupe ni pe. Ukibadilisha jozi bila sababu msomaji atadhani umekosea, na atakuwa sahihi.

---

Kalamu_Mbichi

Asanteni sana. Nimeijaribu aya upya kwa "nimejuaje", nikaongeza tamathali:

"Mvua ilipiga bati hadi maneno yakawa midomo inayofunguka tu. Watu walijibana chini ya paa, visigino ukutani, vidole vya miguu vikirukiwa na matone. Kwenye ncha ya benchi alikaa mzee kama ndege aliyeloa, kama kitabu kilichosahauliwa, macho yake visima vya huzuni. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa. Kifungo cha tatu si cha shati hilo. Aliikunja tiketi, akaikunjua, akaikunja tena. Upepo uliguna, ukalia, ukaomboleza."

Nahisi ni bora, lakini katikati kuna kitu kimezidi.

---

Fundi_Sentensi

Kimezidi kweli, na umekiona mwenyewe mahali pake. Sentensi mbili za mwanzo usiziguse. "Maneno yakawa midomo inayofunguka tu" ni picha uliyoipata kwa kutazama, na imebeba kelele ya mvua bila kuitaja. "Walijibana" imefanya kazi yake. "Vikirukiwa" ni kitenzi kilichonyambuliwa vizuri.

Mzee amepewa picha tatu mfululizo: ndege, kitabu, visima. Msomaji anaanza kumwona ndege, kabla hajamaliza anapewa kitabu, kisha anatumbukizwa kisimani. Picha tatu za kitu kimoja hazijumlishwi. Kila inayokuja inaifuta iliyotangulia. Bakiza moja. Visima vitoke kwanza kwa sababu vimetaja huzuni, yaani umerudi kwenye hukumu kwa mlango wa nyuma. Kitabu kilichosahauliwa kinataka tumhurumie kabla hatujamjua. Ndege aliyeloa anaonekana: amejikunyata, shingo imeingia mabegani, amekaa ukingoni. Sasa jiulize kama "kwenye ncha ya benchi" pamoja na "amejikunyata" havikutoshi bila ndege. Kwangu vinatosha, lakini ukimbakiza ndege hutakuwa umekosea.

Kola na kifungo: chagua kimoja. Kola iliyogeuzwa inasema kuna mtu aliyejua kushona na aliyejali. Kifungo kinasema hakuna aliyejali, au aliyejali hakuwa na kifungo kinachofanana. Ni hadithi mbili tofauti. Usiziweke pamoja kabla hujaamua mzee huyu anaishi na nani.

Tiketi iache ilivyo. Hapo *-ka-* ni sahihi, maana ni matendo yanayofuatana na kurudiwa.

Upepo. Kuguna, kulia, kuomboleza: tashihisi tatu, zote za msiba. Tashihisi ikirundikwa hivi, maumbile yote yanageuka waombolezaji wa mhusika mmoja, na msomaji anahisi anasukumwa. Upe upepo kazi ya kimwili inayomgusa mzee. Kwa mfano:

"Upepo ulipogeuka, aliifumbata tiketi ndani ya ngumi."

Sasa upepo umefanya jambo, tiketi imepata thamani, na neno huzuni halimo popote. Pia sentensi hii inazuia jicho lisiruke. Ulianza juu batini, ukashuka hadi vidole vya miguu, ukaenda kwenye benchi, kwenye kola, kwenye mikono. Huo ni mwendo mzuri, kutoka mbali kuja karibu. Upepo wako wa awali ulilirudisha jicho angani bila sababu.

---

Saa_ya_Usiku

Jambo ambalo halijaguswa: usahihi wa mambo yenyewe. Tamathali nzuri juu ya jambo lisilowezekana huanguka, na wasomaji wanaojua ni wengi kuliko tunavyodhani. Haya ndiyo yanayokosewa mara kwa mara.

Rangi gizani. Kwenye mwanga hafifu sana jicho hutegemea seli ambazo hazitofautishi rangi, kwa hiyo usiku usio na taa hakuna "gauni jekundu". Kuna gauni jeusi, au la kijivu. Nyekundu huzama gizani mapema, buluu huchelewa kidogo. Mtu anayetoka kwenye mwanga na kuingia gizani huhitaji kati ya dakika 20 na 30 jicho lake lizoee kikamilifu, basi mhusika aliyeingia chumba chenye giza sasa hivi asianze kuhesabu picha ukutani. Huu ni utajiri kwa mwandishi: andika vitu vikijitokeza kimoja kimoja, kwanza dirisha, kisha umbo la kitanda, mwisho uso.

Mwezi. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na wakati jua linapotua. Mwezi mwandamo, ule mwembamba kama ukucha, huonekana magharibi baada ya machweo na huzama muda mfupi baadaye. Kwa hiyo "mwezi mwandamo ukachomoza usiku wa manane" hauwezekani. Ukihitaji mwezi mwembamba alfajiri, huo ni mwezi unaokaribia kufa, nao huonekana mashariki.

Umeme na ngurumo. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde, sawa na sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Umeme ulio mbali kilomita 4 na ngurumo yake havifiki pamoja. Kuna sekunde 12 katikati. Pengo hilo ni zawadi. Weka humo mtu anayesubiri, kauli iliyokatizwa, mkono uliosimama hewani. Na pengo likifupika kutoka ukurasa hadi ukurasa, umesema dhoruba inakuja bila kuitangaza.

Harufu ya mvua. Ile harufu ya udongo, ambayo sehemu yake hutokana na kemikali iitwayo geosmini inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, hujitokeza zaidi matone ya kwanza yanapopiga ardhi kavu. Kituo cha basi chenye lami na maji yanayotiririka hakina harufu hiyo. Kina harufu ya nguo mbichi, mafuta ya magari na chuma kilicholowa.

---

Mpenda_Kimya

Kuhusu kiasi, kwa kuwa maelezo hupunguza mwendo. Aya nzito ya maneno 70 katika tukio la kukimbizwa inamsimamisha anayekimbia. Katika insha ya maneno 500 mimi huona sehemu mbili za maelezo kamili zinatosha: moja ya kumweka msomaji mahali, nyingine pale jambo linapobadilika. Kwingine iwe tone moja ndani ya sentensi ya kitendo. "Alifungua mlango" ikawa "alisukuma mlango kwa bega", kisha endelea.

---

Kalamu_Mbichi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Haya yote yanahusu vitu vinavyoonekana. Nikitakiwa kuandika kuhusu jambo lisiloshikika, tuseme hofu au upweke, nafanyaje? Hapo naona sitiari ndiyo njia pekee.

---

Fundi_Sentensi

Si pekee, na mara nyingi si ya kuanzia. Anza na mwili, ila usichukue moyo unaodunda, jasho la mgongoni wala magoti yanayogongana, maana hayo yamekuwa alama za hofu kiasi kwamba msomaji husoma neno "hofu" tu. Tafuta kile ambacho hofu inamzuia mtu asikifanye, au inachomfanya akirudie. Anaangalia komeo mara ya pili ingawa mkono wake bado uko juu yake. Anamimina maji kwa kuyateremsha ukingoni mwa glasi yasitoe sauti. Anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Upweke vilevile. Usiandike "upweke ulimtafuna". Andika vitu ambavyo katika nyumba ya wawili vingekuwa viwili, au vingekuwa mahali pengine. Mto mmoja wa kitanda una bonde, mwingine umefura. Redio inaongea chumbani ambamo hakuna mtu.

Baada ya kupata vitu viwili vya aina hiyo, sitiari moja inaweza kuja juu yake na ikasimama, kwa sababu ina pa kukanyaga. Zoezi: chagua hisia moja, andika maneno 80, hisia isitajwe kwa jina wala kwa kisawe chake, sitiari iruhusiwe moja tu, nayo isiwe sentensi ya kwanza wala ya mwisho. Mpe mtu asome aseme ni hisia gani. Akisema "hofu" na wewe ulikusudia wasiwasi, uko karibu. Badilisha kitu kimoja, usiongeze. Akisema "hasira", rudi kwenye vitenzi: pengine uliandika "alibamiza" mahali palipotaka "alirudishia".

Zoezi la mlango ukilifanya, libandike hapa pamoja na orodha yote uliyoifuta. Ni rahisi zaidi kukushauri tukiona ulichokiacha.